Mkonge haukufa mwaka 1967

Mazungumzo ya kwa nini Tanga imepoa yana njia yake iliyokwisha kupigwa. Mtu ataanza na bandari, atapita kwenye viwanda vilivyofungwa, ataigusa reli, kisha atatulia na kusema kwa uhakika: Azimio la Arusha. Serikali ilichukua mashamba ya mkonge mwaka 1967, wenyewe wakaondoka, mashamba yakaota vichaka. Nimelisikia hilo Ngamiani kwenye kahawa, nimelisikia ndani ya basi la Korogwe, na juzi nimelisikia kwa kijana wa chuo ambaye hata wazazi wake walikuwa hawajazaliwa mwaka huo. Kijana yule si mwongo. Ila kisa anachosimulia kimeanzia katikati.

Nianze na haki yake. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, na hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyotufikia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunahangaika na tani 20,000 hivi. Katikati ya namba hizo mbili limekaa shirika la umma. Azimio lilitangazwa Februari 1967, na Oktoba mwaka huohuo likaundwa Shirika la Mkonge kusimamia yale yaliyochukuliwa. Mameneja waliolijua shamba kwa miguu yao waliondoka mmoja mmoja. Vipuri vya korona, mtambo wa kusaga majani na kutoa singa, vikawa vinangoja fedha za kigeni. Uamuzi ambao zamani ulitolewa asubuhi kando ya reli ya trela ukaanza kusafiri kwa barua kwenda na kurudi. Hayo yalitokea, na anayeyakanusha hakuwahi kuishi karibu na mkonge. Wenye msimamo huu wana hoja nyingine nzito kuliko hii, ya mwaka 1974, nami sitaikwepa.

Bei, hata hivyo, haikungoja Azimio. Mwaka 1963 na 1964 singa iliuzwa London kwa bei nzuri mno. Kufikia 1967 bei hiyo ilikuwa imeanguka kwa karibu nusu. Anguko lilianza wakati mashamba yote yangali mikononi mwa Wagiriki, Waingereza, Waswisi na Wahindi, wakati Nyerere hajaandika hata mstari mmoja wa Azimio.

Sababu ilikuwa mbali na Tanga. Mwaka 1954 mkemia wa Italia, Giulio Natta, alifanikiwa kutengeneza polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, na mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao katika uwanja huo. Huku kwetu kitu hicho tunakiita nailoni, na wataalamu wakibisha kwamba nailoni ni kitu kingine, tuwaachie jina lao. Soko kubwa la singa yetu lilikuwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi kavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Mkulima wa kule hakuwa na ugomvi wowote na siasa za Dar es Salaam. Alitaka kamba isiyooza kwa mvua na isiyomgharimu sana, akaletewa. Nenda Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, asubuhi mashua zinapoingia, utazame zimefungwa kwa kamba gani. Sisi wenyewe, wana wa mkonge, tulihama.

Hapo ndipo watu huniuliza: mbona basi mwaka 1970 bado tulitoa tani 200,000 hivi, na anguko kubwa limekuja baada ya hapo, shirika likiwa limeshika usukani? Swali zuri. Jibu lake limo ndani ya mche wenyewe, na nasikitika kwamba wachambuzi wengi huuruka.

Mkonge si mahindi. Mche unaopandwa leo hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Huendelea kukatwa hadi miaka kumi au kumi na miwili, kisha hutoa mlingoti, yaani shina refu la maua, huchanua mara moja katika maisha yake, na kufa. Shamba lililo hai ni lile linalong'olewa kipande na kupandwa kipande kila mwaka, mwaka wa bei nzuri na mwaka wa bei mbaya. Kwa hiyo tani za mwaka fulani hazikuelezi mwenye shamba wa mwaka huo alifanya nini. Zinakueleza aliyekuwapo miaka mitano, minane, kumi nyuma yake alipanda nini. Kilele cha 1964 kilikatwa, kwa sehemu kubwa, kwenye miche ya miaka ya 1950. Na pengo la miaka ya 1970 lazima litafutwe, kwa sehemu yake, katika yale ambayo hayakupandwa kuanzia 1965.

Mwenye shamba anayeona bei imepungua karibu nusu, mishahara imepanda tangu vyama vya wafanyakazi vipate nguvu, na siasa mpya inanukia, hapandi. Anapunguza watu, anakata alichonacho, anapeleka bandarini. Baba yangu mkubwa, aliyekata mkonge upande wa Korogwe, alikuwa akisema kwamba shamba la mkonge ni rahisi kumdanganya mtu: majani yamesimama, korona inaunguruma, behewa linapakiwa, na kumbe shamba limekufa miaka mitano iliyopita. Yeye alihesabu kazi yake kwa vifungu vya majani thelathini thelathini, na aliona kabla ya mabwana wa ofisini kwamba majani yanazidi kuwa mafupi.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kijiweni. Tarehe 18 Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni yake. Tanzania, kama Kenya na Uganda, haikuifuata. Paundi moja iliyokuwa ikileta shilingi 20 ikaanza kuleta shilingi 17 na senti kidogo. Mkonge uliuzwa kwa paundi. Mishahara ya kambini, posho, mafuta ya korona, vyote vililipwa kwa shilingi. Tani ileile kwa bei ileile ya London ikarudi nyumbani ikiwa pungufu kwa asilimia 14. Shirika halikuwa limemaliza miezi miwili tangu kuzaliwa. Mwacheni Mgiriki aliyeondoka. Hata angebaki, pigo lile lingempata yeye.

Sasa Kenya. Hii ndiyo namba ninayoilalia na kuamkia nayo, kwa kuwa Kenya haikutaifisha. Mashamba ya Vipingo, Taita na Kibwezi yalibaki ya kampuni binafsi mwanzo hadi mwisho, bahari ni moja, wanunuzi ni walewale. Kama Azimio ndilo lililoua mkonge, mkonge wa Kenya ungepaswa kuwa mzima. Haukuwa. Kenya ilifika kileleni mwaka 1974 kwa tani 86,000 hivi, na hadi karne inaisha zaidi ya theluthi mbili ya hizo ilikuwa imeyeyuka. Sisi tulipoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi.

Ziweke namba hizo pamoja. Katika kila kifungu cha singa mia, Kenya ilipoteza sabini au zaidi bila kumtaifisha mtu. Sisi tulipoteza tisini na moja. Sabini za kwanza huwezi kumwandikia Nyerere, kwa sababu jirani asiye na Nyerere alizipoteza pia. Zinazobaki, ishirini hivi, hizo ndizo za kubishania: shirika, sera, shilingi, uzembe.

Najua mwingine atazisoma vinginevyo. Atasema Kenya ilibakiwa na singa karibu thelathini na sisi tukabakiwa na tisa, kwa hiyo jirani alihifadhi mara tatu yetu, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyekuwa akila kwenye mkonge. Ni kweli, na kwa kijiji kama kile cha baba yangu mkubwa tofauti ya tisa na thelathini ndiyo tofauti ya kambi kuwa na duka na kambi kuwa gofu. Anaweza kuongeza kwamba vilele vyetu vimepishana miaka kumi. Hilo nalo ni kweli. Lakini geuza hesabu upendavyo, huwezi kuifanya sabini kuwa sifuri. Wala usisahau kwamba hata hapa Tanzania si mashamba yote yaliyochukuliwa. Mengine yalibaki kwa kampuni binafsi, na hayo nayo yalishuka; nchi nzima ilipofika tani 34,000 hivi mwaka 1990, hapakuwa tena na mkonge wa mtu yeyote wa kujivunia.

Nimeahidi 1974. Mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zilipobana mafuta, bei ya petroli ilipanda mara kadhaa, na polipropilini ni mtoto wa petroli. Ghafla kamba ya plastiki ikawa ghali na singa ikatafutwa. Bei ya mkonge ilipaa kuliko ilivyowahi kuonekana kwa miaka mingi. Kenya ikaongeza uzalishaji hadi kile kilele chake. Sisi, katika miaka hiyohiyo ya neema, tukashuka. Ardhi tulikuwa nayo, bandari tulikuwa nayo, na kituo cha utafiti cha Mlingano tulikuwa nacho pale Muheza. Mkonge chotara namba 11648, uliozalishwa hapahapa Tanganyika, hadi leo umetanda China. Hatukuwa na majani ya kukata.

Kwa hoja hii nawavulia kofia wapinzani wa Azimio. Jani la kukatwa 1974 lilipaswa kuwa limepandwa kati ya 1965 na 1971. Sehemu ya miaka hiyo ni ya wenye mashamba wa zamani, ila sehemu kubwa ni ya shirika, na shirika halikupanda vya kutosha. Bei mbaya inaeleza kwa nini; haiwezi kufuta. Mwenye shamba wa Kenya aliiona bei ileile mbaya, akapata namna ya kuvuka nayo. Na fedha za 1974 zilipoingia kwetu hazikurudi shambani kwa kiasi cha kuijaza ardhi. Hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, tukaikosa kwa mikono yetu.

Yaliyofuata nayapita haraka. Shilingi iliyoshikiliwa juu mpaka 1986, vita vya Kagera, uhaba wa sabuni na unga madukani, wakataji waliokuja zamani kama manamba kutoka bara wakaona heri walime mihogo yao. Mtu halipwi fedha isiyonunua kitu halafu akaingia kwenye miiba ya mkonge saa kumi na mbili asubuhi. Mashamba ya shirika yalipouzwa kwa watu binafsi katika miaka ya 1990, kilichouzwa kilikuwa zaidi majengo na historia.

Kwa nini ninaipigania hesabu hii ya zamani? Kwa sababu inaamua tunachofanya sasa. Anayeamini kwamba mkonge uliuawa na umiliki wa serikali ataamini kwamba utafufuliwa na umiliki wa mtu binafsi, na ataishia hapo. Leo mashamba kadhaa ya Korogwe yamo mikononi mwa wakulima wadogo wenye AMCOS zao, yaani vyama vya ushirika vya mazao, uzalishaji umeinuka kutoka kwenye shimo lile, na serikali ilijiwekea lengo la tani 120,000 kufikia 2025. Watu wanabishana kama mkulima mdogo atafaa au arudi mwekezaji mkubwa. Mimi sioni kwamba hilo ndilo swali la kwanza. Mkonge wa Tanganyika wote ulianza na miche 62 iliyosalimika safari, ile aliyoileta Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, na tangu hapo umemilikiwa na Mjerumani, Mgiriki, Mhindi, serikali, kampuni na sasa Mzigua na Msambaa wenye ekari tano. Kila mmoja alipofanikiwa, alifanikiwa kwa kupanda wakati bei iko chini. Kila mmoja alipoanguka, aliacha kupanda miaka kadhaa kabla anguko halijaonekana kwenye takwimu.

Mwaka jana ndugu yangu mmoja, mwanachama wa ushirika, alinionyesha karatasi yake ya malipo. Nilisoma makato yote: palizi, ukataji, usafirishaji, kuchakata kwenye korona, mkopo wa miche. Nikamuuliza makato ya kupanda upya yako wapi. Akanijibu kwamba shamba lake bado changa, alipanda mwaka 2020. Tukakaa kwenye mkeka tukahesabu pamoja: milingoti yake itaanza kuchomoza mwaka 2030, ikichelewa sana 2032, na ili asikae miaka mitatu bila jani la kukata, miche mipya iwe ardhini kufikia 2027. Alikunja karatasi akaiweka mfukoni, akasema atalipeleka kwenye mkutano mkuu. Bei kwa sasa ni nzuri.