Tulisikia nusu ya Roja

Mama mdogo wangu alikuwa fundi cherehani hapo Tanga, na redio kaseti yake ilikaa juu ya meza moja na cherehani, imejaa vumbi la nyuzi. Kwenye miaka ya tisini wateja wake walishajua: ukienda kuchukua gauni lako utakuta inapigwa taarabu au nyimbo za Kihindi. Hapo ndipo nilipousikia muziki wa filamu iitwayo Roja. Kaseti yenyewe haikuwa na jalada, imerekodiwa kutoka kaseti nyingine, na sisi watoto tuliita "ile ya binti anayeimba kama anaruka kamba". Tuliimba naye. Maneno hatukuyajua maana yake ila tuliyakariri yote, na yalikuwa ya Kihindi, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini niliamini kuwa ule ni wimbo wa Kihindi.

Si wa Kihindi. Ni wa Kitamil. Tulichokariri pale kwa mama mdogo ni maneno yaliyobandikwa baadaye, filamu ilipotiwa sauti ya Kihindi ili iuzwe kaskazini mwa India na ng'ambo. Naandika haya kwa sababu naamini muziki wa Roja ni miongoni mwa kazi bora zilizowahi kufanywa kwa ajili ya filamu popote duniani, na wengi wetu tunaosema Kiswahili tumeusikia nusu tu.

Lugha yetu nayo imechangia. Kwetu "Kihindi" ni neno linalomeza nchi nzima: chakula, sinema, watu, na lugha zote za kule. Ni kama mgeni asikie Kisukuma, Kizulu na Kiyoruba, kisha avirundike vyote kwenye neno "Kiafrika". Kitamil na Kihindi hata ukoo wao si mmoja. Kitamil ni ndugu wa Kimalayalam, Kikannada na Kitelugu, lugha za kusini, na kina mashairi yaliyotungwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ambayo bado yanasomwa. Mtu wa Chennai ukimwambia filamu yake ni ya Kihindi anajisikia kama wewe unavyojisikia ukiambiwa taarabu ni muziki wa Kiarabu.

Filamu yenyewe ilitoka tarehe 15 Agosti 1992, ikiongozwa na Mani Ratnam. Binti wa kijijini Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, anaolewa na kijana wa mjini mwenye kazi ya kufumbua ujumbe wa siri wa serikali, wanakwenda Kashmir, mume anatekwa na wapiganaji, na mke anabaki kwenye nchi ya baridi ambayo hata lugha yake haijui. Mtunzi wa muziki alikuwa kijana wa miaka 25 ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza Kitamil kutoka: A. R. Rahman. Alilipwa rupia 25,000.

Rahman alizaliwa Madras, ndiyo Chennai ya leo, mwaka 1967 akiitwa Dileep Kumar. Baba yake, R. K. Shekhar, alikuwa mwanamuziki wa filamu za Kimalayalam, akafariki mtoto akiwa na miaka 9. Mama akabaki na vyombo vya muziki vya marehemu, na akawa anavikodisha ili watu wa nyumbani wapate kula. Mtoto akaanza kupiga kinanda studio bado mdogo, nyuma ya watunzi wakubwa wa wakati ule akiwemo Ilaiyaraaja, na baadaye akaishi kwa kutunga nyimbo fupi za matangazo ya biashara. Hizo nyimbo fupi nadhani ndizo zilizomfundisha kazi. Kwenye tangazo una nusu dakika ya kumkamata mtu anayefanya mambo mengine, na Roja yote imetungwa hivyo, kila wimbo unakushika kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Kabla yake, wimbo wa filamu huko Madras ulirekodiwa ukumbini: wapiga fidla, filimbi, ngoma na waimbaji wote pamoja, na mtu akikosea mnarudia. Ilaiyaraaja aliandika noti za kila mpigaji kwa mkono wake na wimbo ukaisha siku hiyohiyo. Rahman alijenga studio yake nyumbani, mtaa wa Kodambakkam hapo Madras, akafanya kazi usiku. Sauti moja leo, filimbi kesho, ngoma keshokutwa, kila kitu kwenye njia yake, kisha anakaa na kompyuta na fundi wake H. Sridhar wakiondoa na kuongeza. Matokeo yake ni nafasi. Hata kwenye ile kaseti yetu iliyochakaa ulisikia besi imesimama peke yake, na sauti ya binti imesimama peke yake, na katikati yao hewa.

Wapo wanaosema huo ndio ulikuwa mwanzo wa kuua muziki wa wapigaji wa kweli. Wapigaji wengi wa studio za Madras walikosa kazi miaka iliyofuata, hilo sipingi, na linaniuma. Ila mashine peke yake haielezi Roja. Wengi walinunua kinanda kilekile.

Sasa niende kwenye wimbo wenyewe, ule wa kuruka kamba. Unaitwa "Chinna Chinna Aasai". Miaka michache iliyopita nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam ofisi moja na mhasibu kutoka Madurai, mji wa Tamil Nadu, na siku moja wakati wa chakula cha mchana nikawa nauimba kwa mdomo, kwa maneno yangu ya Kihindi. Akacheka, akaniambia hayo maneno si yenyewe. Akaniuliza, kwenu mkisema vitu vidogo vingi mnasemaje? Nikamwambia, vidogo vidogo. Akapiga meza. "Basi ndiyo hiyo! Chinna chinna!" Chinna ni dogo, aasai ni hamu. Hamu ndogo ndogo.

Tazama jambo hilo lilivyo. Kitamil kinarudia neno kama sisi tunavyorudia, na urudiaji huo ndio uliozaa mdundo: chin-na chin-na, hatua mbili mbili, mtoto anaruka. Muziki umepanda juu ya maneno. Kwenye Kihindi mtungaji alilazimika kusema moyo ni mdogo na matumaini ni madogo. Maana imefika, ila lile rukaruka halimo tena kwenye neno, limebaki kwenye tuni peke yake.

Mwenzangu akaendelea kunifafanulia mstari kwa mstari, wali wake unapoa. Binti anataka kuugusa mwezi na kuubusu. Anataka dunia imzunguke yeye. Anataka kucheza kwenye tope la shamba na kupandikiza miche ya mpunga, kuvua samaki kisha amrudishe mtoni, kujivika upinde wa mvua, kulala ndani ya tone la umande. Na mapema kabisa, kwenye mistari ya mwanzo, kuna hamu ambazo ameziweka zimefungwa fundo. Hapo mhasibu alikosa neno la Kiingereza na la Kiswahili. Akashika pembe ya kitambaa cha mezani, akakunja, akafunga fundo, akasema: bibi yangu hela zake aliweka hivi, kwenye sari.

Nikamwambia kwetu hilo ni pindo la kanga.

Sijui kama nimewahi kuuelewa wimbo kwa ghafla namna hiyo. Mama mdogo alikuwa anafunga noti zake kwenye pindo la kanga mbele ya redio ileile iliyokuwa inaimba habari ya fundo, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa kuwa fundo lilikuwa limeshafunguliwa njiani.

Maneno hayo ni ya Vairamuthu, na kwa maoni yangu hapewi heshima yake huku nje kwa sababu kila mtu anamtaja Rahman tu. Ni mtoto wa wakulima, na kijiji alichozaliwa kilihamishwa ili kupisha bwawa la mto Vaigai. Mtu wa namna hiyo akiandika tope la shamba ameandika tope analolijua. Wimbo huu ulimpa Tuzo ya Taifa ya India ya mashairi ya filamu. Na Minmini aliyeuimba aliuimba pia kwa Kihindi, kwa hiyo angalau sauti tuliipata yenyewe. Baadaye sauti hiyo ilimpotea, akakaa mbali na studio kwa muda mrefu, na mimi kila nikimsikia anavyolipandisha lile neno aasai mwishoni mwa mstari huwa nalikumbuka hilo.

Wimbo wa pili uliopotea njiani ni ule wa maharusi kwenye theluji. Kwa Kitamil unaanza kwa kusema mvua mpya nyeupe inanyesha. Fikiria mtu aliyezaliwa kwenye joto la kusini, ambako kitu pekee kinachodondoka kutoka mbinguni ni mvua, anafika milimani na kuona hii. Anakiitaje? Mvua, lakini mpya, lakini nyeupe. Mstari mmoja, na umeshajua anayeimba anatoka wapi na ni mara yake ya kwanza. Toleo la Kihindi linasema mabonde haya mazuri, mbingu hii iliyo wazi. Ni maneno matamu kweli, ila yangeweza kusemwa na mtu yeyote aliyesimama mahali popote penye mandhari. Hata waimbaji walibadilishwa: Unni Menon na Sujatha wa Kitamil wana sauti za watu wanaonong'ona wasije wakaiyeyusha ile theluji.

"Rukkumani" ndio ulioumia zaidi. Huu ni wimbo wa usiku wa harusi, wazee wa kike wa kijiji wanacheza nje na kuulizana kwa utani sauti gani ile inatoka chumbani kwa maharusi. Mswahili yeyote aliyewahi kuwa karibu na kungwi na wanawake wa harusini hahitaji mkalimani hapo. Utani ni uleule, na ruhusa ya bibi vizee kusema yasiyosemwa mchana ni ileile. Kitamil ameimba S. P. Balasubrahmanyam na Chitra, kwa ladha ya kijijini, na huku nyuma ngoma na kelele za kikundi. Kihindi alipewa Baba Sehgal, kijana wa rap aliyekuwa anavuma wakati ule. Wakamtoa bibi uwanjani.

Wa mapenzi ya mume aliyefungwa, "Kadhal Rojave", umevuka salama. Balasubrahmanyam aliuimba kwa lugha zote mbili na sauti yake ilikuwa pana kuliko lugha. Sina zaidi.

Na kuna ule wa taifa, ambao Kitamil unaanza kwa wito: Mtamil, Mtamil. Hariharan anaimba akimwambia Mtamil asilegee, nchi hii ni yake. Kwa Kihindi Mtamil hayumo. Umekuwa wimbo wa kuipenda India kuliko roho yako, na leo unaimbwa na watoto wa shule sikukuu za taifa. Nikiwa mkweli, huo ndio wimbo ninaoupenda kidogo kuliko wote, kwa sababu filamu yenyewe inawasikiliza Wakashmiri kwa haraka mno, na tuni kubwa namna ile inaziba masikio. Lakini badiliko lile linaeleza kila kitu kuhusu safari ya kwenda kaskazini: aliyekuwa anaitwa kwa jina lake alifutwa ili wimbo uwafae wote.

Kwenye Tuzo za Taifa, kura za mtunzi bora wa muziki ziligawanyika sawasawa kati ya Roja na kazi ya Ilaiyaraaja katika filamu ya Thevar Magan. Mwenyekiti wa majaji alikuwa Balu Mahendra, mwongozaji aliyefanya kazi na Ilaiyaraaja miaka mingi, na kura yake ya mwisho akampa kijana. Wapenzi wa Ilaiyaraaja wengine hawajasamehe mpaka leo. Mimi nampenda Ilaiyaraaja, tena sana, na bado naona kura ile ilikuwa ya haki: mtu asiyekuwa na filamu nyingine nyuma yake alileta sauti ambayo haikuwepo mwaka uliotangulia. Mwaka 2005 jarida la Time la Marekani likaiweka Roja kwenye orodha yake ya miziki kumi bora ya filamu za wakati wote.

Mwaka 2009 Rahman alipanda jukwaani Los Angeles kuchukua Oscar mbili kwa filamu iliyosemwa kwa Kiingereza na Kihindi. Kabla ya kushuka alisema sentensi moja ya Kitamil, ambayo maana yake ni sifa zote ni za Mungu. Watu wote waliokuwa ukumbini, sidhani kama walioielewa walizidi vidole vya mkono. Aliisema hata hivyo.

Mwaka jana nilimtumia mama mdogo ule wimbo kwa Kitamil kwenye simu, kisha nikampigia. Akaanza kuimba juu yake maneno ya Kihindi, yakawa hayaingii, akanyamaza. Akaniuliza, "Mbona sauti ni ya yuleyule?" Nikamwambia ni yeye, hii ndiyo lugha ya kwanza ya wimbo huu. Nikamsomea maana kama nilivyofundishwa, mwezi, mpunga, samaki, fundo. Nilipofika kwenye fundo akasema "ehee", kama mtu aliyeambiwa habari ya jirani. Kisha akaniambia nirudie pale pa samaki, maana hakuelewa kwa nini avuliwe halafu arudishwe, na tukabaki hapohapo kwenye samaki mpaka salio langu likaisha.