Njia imelimwa, tupite wapi?

Jamani, hizi njia za miguu mashambani Uingereza zinanikera kweli. Ramani inazionyesha vizuri kwa vistari vya kijani, na kibao kipo pale barabarani: njia ya umma. Unapanda vipandio vya uzio, unashuka upande wa pili, hakuna njia! Shamba lote limelimwa, udongo unanata kwenye viatu mpaka mguu hauinuki. Au mahindi ya kulishia ng'ombe yamekuzidi kimo, huoni mbele wala nyuma.

Na sheria ipo, ile ya 1980 pamoja na marekebisho yake. Mkulima anaruhusiwa kulima njia inayokatiza katikati ya shamba pale tu inapobidi, lakini airudishe ndani ya siku 14, upana usipungue mita 1. Ile ya pembezoni haruhusiwi kuigusa kabisa. Siku 14 zinapita, mwezi unakatika, njia haijarudi. Mzee mwenye mkongojo apite wapi? Na mama aliyebeba mtoto mgongoni?

Ukiripoti halmashauri, unapewa namba ya malalamiko, basi. Wenye wajibu wa kuwabana wakulima hawa ni wao halmashauri. Wawapeleke mahakamani!