Waranti ya Friji Inaishia Mokowe

Anayenunua friji Mombasa au Malindi ilhali nyumba yake iko Lamu huuliza bei, ukubwa, na waranti ni ya miaka mingapi. Akijibiwa "mwaka mmoja, kompresa miaka kumi", huridhika na kutoa pesa. Swali ambalo hakuuliza ndilo litakalomgharimu: ikiharibika, nauli ya boti ni ya nani? Kadi nyingi za waranti husema friji ipelekwe kituo cha huduma, au fundi atafika nyumbani iwapo nyumba iko karibu na mji wenye kituo. Kuiteremsha ngazi nyembamba za nyumba ya ghorofa, kuipitisha vichochoroni hadi jeti, kuivusha hadi Mokowe, gati ya bara inayotazamana na kisiwa, na kuipakia lori la Mombasa, yote hayo huwa juu ya mwenye friji. Kuirudisha pia.

Naona hilo si haki hata kidogo. Muuzaji aliyeandika "Lamu" kwenye karatasi ya mzigo anajua fika kwamba anamuuzia mtu wa kisiwani. Basi na aandike kwenye risiti hiyo hiyo, kwa muhuri wa duka: ndani ya muda wa waranti, usafiri wa kwenda na kurudi ni wa nani, na fundi atafika baada ya siku ngapi. Ni mistari miwili tu. Akikataa, nenda duka jingine, maana ukishalipa huna tena cha kumshikia.

Na ile "miaka 10" inayong'aa mlangoni isomwe vizuri. Mara nyingi ni kompresa peke yake, lile dude jeusi la chuma lililo nyuma kwa chini, linalosukuma gesi mabombani. Kazi ya fundi, gesi, filta na usafiri havimo. Kompresa ikibadilishwa lazima iwekwe filta mpya, mabomba yavutwe hewa kwa pampu mpaka yakauke ndani, kisha gesi ipimwe kwa mizani. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, na kiasi chake ni kidogo, kwa kawaida chini ya gramu 100, kwa hiyo kosa la gramu chache tu linatosha kuharibu ubaridi. Mwaka wa nne unaweza kupewa kompresa bure na bado ukalipa maelfu ya shilingi. Mimi ningechagua waranti ya miaka miwili inayobeba kila kitu kuliko miaka kumi ya kipande kimoja, hasa kwa kuwa katika hali yetu ya umeme na chumvi, rilei (kidude cha kuwashia kompresa), bodi ya umeme na feni huweza kufa mapema huku kompresa ingali nzima.

Sababu inayopendwa sana na wanaokataa madai ni umeme. Soketi inatakiwa kutoa volti 240. Zikishuka sana, mota ya kompresa inashindwa kuzunguka, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto, na kinga yake iliyobanwa ubavuni inakata. Utasikia mngurumo mfupi, kisha "tik", kimya cha dakika kadhaa, mngurumo, "tik" tena. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo mambo ni yale yale: shinikizo la gesi ndani ya mabomba halijasawazika, na kompresa inalazimishwa kuanza na mzigo mzima. Inahitaji dakika tatu hadi tano za kutulia. Ndiyo kazi ya frijigadi, kile kidude cha kuchomeka kati ya soketi na plagi: hukata volti zikishuka au zikipanda mno, na umeme ukirudi huchelewesha kuwasha. Inunue siku moja na friji, duka moja, risiti moja. Hapo hakuna atakayedai kwamba friji ilichomekwa bila kinga.

Fundi wa kampuni akisema "ni umeme", usilipokee neno hilo hivi hivi. Kwenye bodi, karibu na fyuzi, huwa kuna kidude bapa cha duara chenye miguu miwili, varista. Umeme ukipanda ghafla, aghalabu hicho ndicho hupasuka au kuungua kikaacha masizi. Mwambie akuonyeshe, nawe upige picha. Bodi ikiwa safi, varista nzima na fyuzi nzima, basi na aandike ni ushahidi gani mwingine alio nao, kwa maandishi na sahihi yake.

Kutu ni sababu ya pili. Msimu wa kusi unyevu wenye chumvi huingia mpaka vyumba vya ndani, na maungio ya mabomba nyuma ya friji ndiyo huanza kuliwa. Chomoa friji, pangusa nyuma kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha vizuri, kila mwezi. Acha nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani, kwani kuta za mawe hushika unyevu. Piga picha ya nyuma ya friji siku inapofika, mabomba yakiwa mapya.

Friji ya nyumbani ikiwekwa kwenye nyumba ya wageni, mgahawa, au ikihifadhi samaki wa kuuza, kadi nyingi huhesabu hiyo ni biashara na waranti hufutwa au hupunguzwa. Wenye nyumba za wageni Shela wamwambie muuzaji ukweli tangu mwanzo.

Safari yenyewe huharibu. Madhara ya usafiri hayamo kwenye waranti ya kiwanda, kwa hiyo katoni ifunguliwe Mokowe, mbele ya aliyeleta mzigo, kabla ya kutia sahihi. Kama kuna mahali palipobonyea, bomba lililopinda au mlango usiofunga, iandikwe kwenye karatasi yake. Friji ivushwe ikiwa wima. Ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia mabombani, kwa hiyo isimamishwe na iachwe kwa muda wa saa nne angalau kabla ya kuwashwa. Ikiwa imelala njia nzima, iache mpaka kesho yake.

Sasa imekufa. Jambo kubwa kuliko yote: asiikate bomba fundi wa mtaani. Naheshimu mafundi wetu, wengi ni hodari, lakini bomba lililochomelewa valvu ya kujazia gesi huonekana kwa jicho tu, na hapo waranti imekwisha. Pia R600a inashika moto, na haifai kuchomelea bomba ambalo gesi ingali ndani.

Unachoruhusiwa kukagua ni cha nje. Jaribu soketi kwa kifaa kingine. Badilisha fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi. Banisha noti mlangoni. Ukiivuta ikachomoka bila kubanwa, mpira wa mlango umelegea. Kisha sikiliza na uguse. Kompresa ikinguruma mfululizo lakini friji haipoi, na pande za nje ambazo kawaida hupata joto zimepoa kabisa, huenda gesi imevuja. Katika friji isiyo na feni, fungua sehemu ya barafu utazame: ukiona ukungu mweupe kwenye kona moja tu na kwingine kote pakavu, gesi imepungua au bomba jembamba limeziba. Uvujaji ukiwa ndani ya ukuta wa friji, kwenye povu la kuzuia joto, kuurekebisha ni kazi ya kubahatisha. Hapo dai friji nyingine na usikubali kujaziwa gesi, kwani itavuja tena, pengine waranti ikiwa imeshapita.

Rekodi video yenye sauti. Mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo: modeli, namba ya mashine iliyo kwenye kibandiko, tarehe ya kununua, dalili. Ukipiga simu, fuatisha ujumbe wa maandishi na udai namba ya malalamiko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na risiti za mashine hufifia kwa joto letu, kwa hiyo zipige picha mapema na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Akikuambia "hiyo ni shauri ya kampuni", mjibu kwamba uliyeuziana naye ni yeye. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamfunga muuzaji kwa ubora huo hata kama kadi ya waranti haikusema lolote. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujitetea bila wakili. Uliza kwenye mahakama ya Lamu au Malindi dai lako lipelekwe wapi.

Ukipewa friji nyingine, au kipande kipya, usitie sahihi mpaka waandike waranti yake inaanza lini. Kadi nyingi humpa mnunuzi muda uliobaki wa ile ya kwanza tu. Ikiwa friji ilikaa miezi miwili kituoni, omba miezi hiyo miwili iongezwe, na iandikwe kwenye kadi.