Walihama au walibaki? Dinosaria wala majani na giza la miezi minne

Kaskazini kabisa mwa Alaska, kingo za mto Colville humomonyoka kila barafu inapoyeyuka, na ndani ya udongo ule mna mifupa. Mwaka 1961 Robert Liscomb, mwanajiolojia wa kampuni ya mafuta ya Shell, aliokota baadhi yake. Mwaka uliofuata alifariki kazini, na mifupa ikakaa ghalani zaidi ya miaka 20 ikidhaniwa kuwa ya mamalia wa zama za barafu. Ni katika miaka ya 1980 ndipo ilipotambuliwa kuwa ya dinosaria, tena wala majani wa mdomo wa bata, jamaa wa Edmontosaurus, waliofikia uzito wa tani kadhaa.

Shida ikaanzia hapo. Miaka milioni 70 hivi iliyopita, eneo lile lilikuwa karibu na ncha ya dunia kuliko lilivyo leo, kati ya nyuzi 80 na 85 kaskazini. Hali ya hewa ilikuwa na nafuu, wastani wa mwaka ukiwa kama nyuzijoto 6, na misitu ilikuwepo. Lakini jua halikujali nafuu hiyo: likishazama, halikuchomoza tena kwa takriban miezi 4. Miti mingi ilipukutisha majani. Sasa mnyama wa tani kadhaa anayeishi kwa majani atakula nini?

Jibu la kwanza lilikuwa jepesi na zuri: aliondoka. Mwaka 1980 mtafiti wa visukuku Nicholas Hotton alipendekeza kwamba dinosaria wa kaskazini walifuata jua kwenda kusini, kisha wakarudi majani yalipochipua. Sisi tuliozoea kusikia habari za nyumbu wa Serengeti na Mara hatupati taabu kuliamini wazo hili. Na si la kubezwa. Mwaka 2008 watafiti Phil Bell na Eric Snively walipima nguvu na mwendo wa wanyama hawa, wakaona kwamba Edmontosaurus angeweza kumudu safari ya hadi kilomita 2,600. Hata hivyo, wao wenyewe walihitimisha kwamba dinosaria wengi wa nchani hawakuhama, na kwamba kuweza kusafiri si ushahidi wa kusafiri. Nyumbu anatuonyesha hilo waziwazi: wale wa Serengeti huzunguka mwaka mzima, ilhali wengi wa ndani ya kreta ya Ngorongoro hubaki papo hapo, na ni mnyama yuleyule.

Ushahidi ulionigeuza mimi ni wa aina mbili. Wa kwanza umo ndani ya mfupa. Anusuya Chinsamy-Turan wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walikata vipande vyembamba vya mifupa ya Edmontosaurus wa Alaska, wakavitazama kwa hadubini, na mwaka 2012 wakavilinganisha na vya jamaa zake wa Alberta, Kanada, mbali kusini. Mifupa ya Alaska ina mikanda inayopishana: hapa mnyama alikua kwa kasi, pale ukuaji ukapungua, kisha kasi ikarudi. Ya Alberta haikuwa na mpangilio huo. Kwa maoni yao, mikanda ile ni alama ya njaa ya kila mwaka: mnyama aliyebaki gizani, akakonda, akanusurika. Mtetezi wa kuhama anaweza kujibu kwamba hata safari ndefu humkondesha mnyama, na jibu hilo lina uzito. Mfupa peke yake haumalizi ubishi.

Kilichousogeza ubishi huo karibu na mwisho ni vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Kwa miaka mingi kikundi cha Patrick Druckenmiller wa Chuo Kikuu cha Alaska kilibeba ndoo za mchanga kutoka kingo za Colville, kikauosha kwenye chekeche laini, kisha kikakaa maabara kikipekua kilichobaki, chembe kwa chembe, chini ya hadubini. Mwaka 2021 walitangaza walichokipata: meno na mifupa ya vifaranga vya dinosaria, mengine yakiwa na upana wa milimita moja au mbili tu, ya aina 7 tofauti, wakubwa kwa wadogo, wala majani kwa wala nyama. Yaani mayai yalitagwa na kuanguliwa kulekule.

Hapo kalenda inambana mtetezi wa kuhama. Gregory Erickson na wenzake walikuwa wamehesabu mistari ya kila siku kwenye meno ya viinitete, wakakuta kwamba yai la Hypacrosaurus, ambaye naye ni wa mdomo wa bata, lilihitaji karibu miezi 6 kuanguliwa, na la Protoceratops, mla majani mdogo zaidi, karibu 3. Ukitaga jua linaporudi, kifaranga kinatoka kiangazi kikiwa ukingoni, au kimekwisha. Ndama wa nyumbu husimama na kukimbia dakika chache baada ya kuzaliwa, na mama yake ana maziwa. Kifaranga kinachoenea kwenye viganja viwili kitatembeaje maelfu ya kilomita kabla ya giza? Ni kweli muda wa Hypacrosaurus si lazima uwe wa Edmontosaurus. Lakini hata ukiupunguza kwa nusu, safari bado haiingii akilini mwangu.

Basi walibaki, na swali la chakula linarudi likiwa zito zaidi. Wadogo wangeweza kujificha. Mwaka 2007 huko Montana, Marekani, lilielezwa shimo lenye mifupa ya Oryctodromeus, dinosaria mdogo mla majani: mkubwa mmoja na watoto wawili, na mwaka 2009 Anthony Martin akaeleza mashimo yanayofanana nalo huko Victoria, Australia, nchi ambayo wakati huo ilikuwa jirani na ncha ya kusini. Mashimo ya Victoria hayana mifupa ndani, kwa hiyo mwenye nyumba hajulikani. Na macho makubwa ya Leaellynasaura, dinosaria mdogo wa Victoria, yaliyosifiwa kuwa ya kuonea gizani, huenda yalikuwa makubwa kwa sababu fuvu lile ni la mtoto.

Lakini mnyama wa tani kadhaa hachimbi shimo. Alibakiwa na vijiti, magome, kangaga na mizizi ya kinamasini, na magogo yaliyooza. Hili la mwisho si la kubuni: Karen Chin alichunguza kinyesi kilichogeuka jiwe huko Montana akakikuta kimejaa mbao za misonobari zilizolainishwa na kuvu. Montana si nchani, lakini inaonyesha kwamba wala majani wakubwa wa zama hizo waliweza kula mbao, na taya za wale wa mdomo wa bata zilikuwa na mamia ya meno yaliyobanana, mashine ya kusaga kila kigumu. Kulungu wa Aktiki wa visiwa vya Svalbard hupitisha giza kwa njia isiyo mbali na hiyo: hahami, hunenepa kiangazi, kisha huishi kwa mafuta yake na kwa kidogo anachofukua thelujini.

Kuna jambo moja ambalo lingenirudisha kambi ya kuhama. Oksijeni iliyomo kwenye jino hubeba alama ya maji ambayo mnyama alikunywa jino lilipokuwa likiota, na maji ya kusini hayana alama sawa na ya kaskazini. Jino la mnyama mzima wa Colville likichambuliwa tabaka kwa tabaka, likaonyesha maji ya mbali yakija na kuondoka kila mwaka, nitakubali kwamba angalau wakubwa walikuwa wakisafiri na kuwaacha watoto nyuma.