Sataranji ina namba, drafti ina mashahidi

Wazazi wa Njiro na Sakina hapa Arusha wanaowalipia watoto wao darasa la sataranji (chess) wana hoja moja wanayoipenda: mchezo huu umeenea duniani kwa sababu unafikirisha kuliko wenzake. Drafti, kwa mtazamo huo, ni ya kupotezea muda, na bao ni la wazee wa Pwani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe hauko pale wanapoushikia.

Sataranji ina kitu ambacho hakuna kijiwe cha Arusha kimewahi kukitoa, nacho ni ngazi ya kupanda. Shirikisho la dunia, FIDE, lilianzishwa Paris mwaka 1924, na tangu 1970 linatumia hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo kumpa kila mchezaji namba ya uwezo wake. Ukimzidi mwenzako kwa pointi 200, unatarajiwa kuvuna karibu pointi 3 katika kila michezo 4. Namba haiulizi kabila wala ada ya shule. Binti wa Moshi anapimwa kwa mizani ileile iliyompima Gukesh wa Chennai, India, aliyetwaa ubingwa wa dunia Desemba 2024 akiwa na miaka 18. Nimesema binti kwa makusudi. Vijiwe vyetu vya drafti ni vya wanaume karibu vyote, na msichana akisogea ataulizwa ametumwa na nani. Kwenye meza ya sataranji shuleni anakaa na kucheza. Hapo drafti haina utetezi.

Lakini ngazi ni jambo moja na kina ni jingine. Takwimu inayorushwa sana ni ya Desemba 2022, Chess.com, tovuti ya kuchezea sataranji, ilipofikisha wanachama milioni 100. Kwanza, hizo ni akaunti. Aliyejiunga wakati wa korona, akacheza wiki mbili na kuususa, bado yumo kwenye hesabu. Tuseme tumpunguze yeye na wenzake wote, bado watabaki watu wengi mno, sibishi. Swali langu ni nini hasa kimehesabiwa. Kimehesabiwa kile kinachopita kwenye seva, basi. Sasa nenda kamhesabu mcheza drafti wa Kaloleni au Unga Limited. Hana akaunti. Ubao wake ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa maka, kete ni vizibo vya soda, vya huyu vimelala chali na vya yule kifudifudi. Anayefungwa anapisha, anayefunga anabaki, na nyuma yake kuna foleni ya watu ambao wamekuwa wakisoma udhaifu wake tangu asubuhi. Kubaki kwenye benchi hilo mpaka saa sita mchana ni kazi, tena hakuna saa ya mezani ya kukulinda: ukifikiri sana, benchi zima linakupigia kelele ucheze. Jioni ubao unaegemezwa ukutani na yote yaliyochezwa yanabaki vichwani mwa waliokuwepo. Kwa takwimu za dunia, mtu huyo hajacheza chochote.

Na anacheza kweli. Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo mzoefu anakupa kete moja, anakuongezea ya pili, watazamaji wameshaanza kucheka kwa sababu wameona kabla yako, kisha kizibo kimoja kinaruka vitatu na kugongwa ubaoni kwa kishindo. Kwenye sataranji ujanja wa namna hiyo unaitwa kafara na umeandikiwa vitabu.

Kuna wanaosema drafti imeshakwisha, kwa kuwa mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta walithibitisha kwamba drafti ya Kiingereza, pande zote zikicheza bila kosa, ni sare. Ni kweli, na kompyuta zilianza kazi hiyo mwaka 1989. Ila kingi wa Kiingereza, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, husogea mraba mmoja, wetu anakata ubao mzima. Halafu, kama mashine ndiyo kipimo, Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, alifungwa na kompyuta ya Deep Blue mwaka 1997 na leo programu ya simu inamshinda bingwa yeyote. Mbona sataranji haikuzikwa?

Anayetaka kuona drafti inafika wapi ikipata chama na kumbukumbu amtazame Baba Sy wa Senegali, aliyecheza ile ya miraba 100. Alikuwa anakwenda kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti, pambano halikufanyika, akafariki mwaka 1978. Mwaka 1986 shirikisho la drafti likamtambua kuwa bingwa wa 1963. Sataranji haijawahi kupata bingwa wa dunia kutoka Afrika. Sy alitendewa haki kwa kuchelewa, lakini alitendewa, kwa sababu michezo yake ilikuwa imeandikwa.

(Bao ningelitetea pia, lenye kete 64 zinazozunguka mashimo 32, lakini hapa Arusha wachezaji wake ni wa kutafuta.)

Kwa hiyo sioni kwa nini mtoto aliyejua drafti kwa babu yake aambiwe aiache ndipo aanze kufikiri. Kuandika drafti hakuhitaji mtaalamu: miraba inayochezewa ni 32, unaipa namba, daftari la shule linatosha. Shida ni kitakachofuata. Ukileta daftari, utaleta saa, kisha mwamuzi, kisha kiingilio, na mwamuzi atataka watazamaji wanyamaze. Wengi wa wale wa Kaloleni wanakuja kwa ajili ya hao watazamaji.