Sheria tunaijua, tatizo ni muhtasari
Mzee mmoja aliyezungumza na wanafunzi pale chuoni Iringa kawaambia kwamba vijiji vinapoteza ardhi kwa sababu wananchi hawaijui sheria. Hapo namkatalia, ingawa mengine nampigia makofi. Huku kwetu Kilolo hata bibi asiyejua kusoma atakwambia halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Tatizo ni karatasi. Unafika mkutanoni, ajenda ni choo cha shule, unasaini mahudhurio, unarudi shambani. Baadaye unasikia karatasi ileile imebanwa nyuma ya muhtasari wa mkutano unaosema tumekubali kumpa mwekezaji wa miti ya mbao eneo la bondeni. Ukihoji: "Si hii hapa sahihi yako?" Na mhuri upo. Tume ya Profesa Shivji ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoundwa 1991, ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu yenyewe, si mikononi mwa Rais; serikali haikukubali. Wanafunzi wangemuuliza yule mzee hilo badala ya kugombania kupiga naye selfi. Wenzangu wa Mufindi na Njombe, kwenu muhtasari husomwa mbele ya watu kabla haujagongwa mhuri?