Ukienda Mafia kupumzika, angalia mwezi kwanza

Desemba ikikaribia, meseji zinaanza kuingia. "Nataka kwenda sehemu nikapumzike, kisiwani, pasiwe na kelele. Unanishauri wapi?" Nikijibu Mafia, swali linalofuata huwa hoteli gani nzuri. Hapo ndipo tunapoachana njia, maana kwangu mimi hoteli ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni tarehe. Na nikisema tarehe sina maana ya siku alizokupa bosi wako. Nauliza mwezi wa angani utakuwa umefikia wapi siku utakayoshuka Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa.

Najua nasikika kama mganga wa nyota. Lakini muulize mvuvi yeyote wa pwani hii kama anapanga kazi yake bila kuhesabu mwezi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha saa zake zinasogea mbele kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yanakuja maji ya bamvua: yanajaa sana na yanakauka sana, tofauti ya mita tatu na zaidi kati ya juu na chini. Mwezi ukiwa nusu yanakuja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Na kwa mwambao huu wa Tanzania kuna utaratibu unaojirudia: siku za bamvua bahari hukauka kuelekea saa nne asubuhi na kujaa kuelekea saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka, saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa.

Sasa fikiria mtu wa Dar aliyelipia chumba kinachotazama bahari pale Utende, kijiji cha ufukweni kusini mwa kisiwa, akafika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Anaamka, anapiga mswaki, anafungua pazia. Mbele yake kuna tope, mizizi ya mikoko na mashua zimelala ubavu, na bahari iko kule mbali kama imehama. Anampigia simu rafiki yake kulalamika kwamba ametapeliwa. Hajatapeliwa. Picha aliyoiona mtandaoni ilipigwa saa kumi jioni.

Kwa hiyo amua kwanza unakwenda kufanya nini. Kama una watoto na unataka waoge baharini asubuhi kabla jua halijawa kali, au unataka kuzamia na kutazama matumbawe ndani ya Ghuba ya Chole, nenda wakati wa maji mafu. Wakati huo mkondo kwenye mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofungukia bahari kuu, unakuwa mpole, na maji yanakuwa maangavu zaidi. Kama unachotaka ni kushukia kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, lile la Mange au la Marimbani, au kutembea mwambani na kuona watu wakichokoa pweza kwa vijiti, bamvua ndiyo yako. Mimi binafsi napendelea bamvua. Kuna raha ya peke yake kuona kijiji kizima kinashuka baharini kwa miguu, kinamama na ndoo, watoto na vijiti, kila mtu anajua shimo gani lina mwenyewe.

Wala huhitaji programu ya simu kwa hesabu hii. Kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani kwa jirani inatosha. Mwezi mosi na mwezi 15, yaani tarehe ya kwanza na ya 15 ya mwezi wa Kiislamu, ongeza siku moja mbili, ni bamvua. Mwezi saba, nane, na mwezi 22 hivi, ongeza vivyo hivyo, ni maji mafu. Kalenda hiyohiyo itakuonyesha Ramadhani iko lini, jambo ambalo wengi hulisahau mpaka wanafika Kilindoni saa saba mchana na njaa, wanakuta migahawa imefungwa. Mafia ni kisiwa cha Waislamu kwa sehemu kubwa. Ukienda Ramadhani utafuturishwa vizuri sana, lakini mchana jipange.

Baada ya mwezi ni upepo. Masika, hasa Aprili na Mei, siishauri. Mvua ni nyingi, hoteli kadhaa hufunga, na bahari haitabiriki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita Mafia na kuacha nyumba bila mapaa. Kuanzia Juni kusi kinavuma, hewa ni ya baridi kiasi na kavu, unalala bila feni, ila bahari ya wazi huchafuka. Majira hayohayo ndipo vitoto vya kasa huanguliwa kule kisiwa kidogo cha Juani, kati ya Juni na Septemba hivi. Walinzi wa viota huandika tarehe kasa alipotaga, wanahesabu siku, na zikikaribia kutimia wanakuita. Kaskazi kikishika, Desemba mpaka Machi, ni joto, na bahari ya upande wa magharibi hutulia. Katikati ya pepo hizi mbili, kuanzia Oktoba, kuna kipindi cha maleleji ambapo upepo hauna uamuzi. Nikiambiwa nichague wiki moja ya mwaka, nitachagua humo.

Sababu mojawapo ni potwe. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hujikusanya karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, kwa sababu ya uduvi na viumbe wengine wadogo wanaojaa kwenye maji yale. Hali watu. Hana hata haja nawe. Mashua inatoka asubuhi, kijana mmoja anasimama omoni akitafuta kivuli cheusi au ndege wanaojitupa majini. Akiona, nahodha anazima injini na mnashuka taratibu. Kwanza huoni kitu, kijani tu. Halafu upande wa kushoto ukuta wa madoa meupe unaanza kupita, unapita, unapita, na mkia bado haujafika. Usiuguse. Usiogelee mbele yake ukitafuta picha. Na hili panga siku ya pili ya kukaa kwako, usiliache la mwisho, kwa sababu hakuna mtu mwenye mkataba na potwe. Siku nyingine hatokei, na ukiwa na siku mbele unarudi kesho yake.

Kuhusu safari yenyewe, njia ni mbili. Ndege ndogo kutoka Dar ni nusu saa na ushee, mzigo wako upimwe usizidi kilo chache, na ukae dirishani. Njia ya pili ni basi kutoka Mbagala mpaka Nyamisati, unapinda kushoto ukifika Bungu, kisha kivuko cha MV Kilindoni au boti. Wengi wenye uwezo wananunua tiketi ya ndege bila kufikiri. Mimi nasema kama mwili unaruhusu, kwenda panda kivuko, kurudi panda ndege. Chombo kinashuka na mto katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji kabla hakijaiona bahari, na kwa mtu anayetoka kwenye foleni za Barabara ya Mandela hiyo peke yake ni dawa. Humohumo kwenye delta ndimo Wajerumani walikoificha manowari yao Königsberg mwaka 1914. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915, wakarusha ndege kutoka kisiwani kwenda kuelekeza mizinga, na Julai mwaka huohuo manowari ikaishia humo. Nahodha wa zamani wa njia ile atakusimulia kwa kirefu zaidi, na kwa chumvi zaidi. Saa za kuondoka ulizia siku moja kabla, usitegemee ulichosoma mwezi uliopita.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu halisi, ambao ni ratiba.

Kuna ugonjwa umetuingia watu wa ofisini wa kwenda mapumziko na jedwali. Saa moja chai, saa mbili potwe, saa sita Chole, saa nane Juani, saa kumi na moja picha za machweo, kesho Jibondo. Utende nilimsikia kijana mmoja, mkewe pembeni na saa mkononi, akimkabili nahodha mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Tuliambiwa tunaondoka saa tatu."

"Marahaba mwanangu. Nani kawaambia?"

"Hotelini."

"Basi mfuate huyo wa hotelini akupeleke. Mimi nangoja maji."

Alikuwa hana hasira hata kidogo. Aliendelea kukwangua chombo chake. Wale wawili walikaa chini ya mti wa mkungu wakinuna kwa muda mrefu, na ukweli ni kwamba ule ndio ulikuwa wakati mzuri kuliko wote wa asubuhi ile: kivuli, upepo, mama anauza vitumbua vya moto, hakuna lililowataka waende popote. Walikuwa wanapumzika na hawakujua.

Ushauri wangu ni jambo moja kwa siku, basi. Siku ya potwe ni ya potwe. Siku ya Chole, vuka na mashua ya wenyeji asubuhi maji yakiruhusu, tembea kisiwa chote kwa miguu, maana ni kidogo na hakina magari. Tazama magofu ya wakati wa Waarabu na Wajerumani yaliyokumbatiwa na mizizi, ya enzi za kabla makao ya utawala hayajahamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Tazama mafundi wakiunganisha mbao za dau kwa mkono. Kisha kaa tu mpaka jioni, wale popo wakubwa waanze kuamka kwenye miti na kugombana. Popo wale hula matunda, ndugu zao wako Komoro, na wakiruka utadhani kunguru waliokosea saa.

Juani nayo ina siku yake, kwa ajili ya magofu ya Kua. Ulikuwa mji wenye misikiti na jumba la mtawala, mpaka Wasakalava wa Madagaska walipouvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Ukiwa na mtu wa kukutembeza aliyezaliwa palepale, utapata hadithi za mji ule ambazo hazimo kwenye bango lolote. Ukifika mbiombio kwa sababu saa kumi una miadi na machweo, utaona kuta zilizoota majani.

Ukipata siku nyingine mbili za ziada usizipangie kitu. Naandika hivi nikijua kuna mtu atasema, "Nimelipa pesa yote hiyo nikakae?" Ndiyo, ukakae. Ule pweza wa nazi, ulale mchana, ununue dafu, uulize habari za watu. Usiku nne ndicho kiwango changu cha chini, maana ukitumia kivuko siku ya kwanza na ya mwisho ni za njiani.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisiwapeleke Unguja tu. Unguja ni pazuri, na kama unataka muziki, watu na chakula cha usiku, nenda Unguja kwa moyo mweupe. Kule pia kanuni ya maji ni ileile: Nungwi na Kendwa ufuko una mteremko, unaoga karibu saa zote, Paje na Jambiani bahari hukimbia mbali kabisa, na ndiyo maana kinamama wanalima mwani kule. Wanaokosana na Paje ni walewale wanaokosana na Utende. Ila mtu akiniambia amechoka, siyo amechoshwa, namwelekeza Mafia. Hakuna cha kukufanya ujione umepitwa.

Fedha. Eneo kubwa la kusini mwa kisiwa ni Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995, na kuna kiingilio. Beba kitambulisho chako cha NIDA, chenyewe siyo picha yake, ulipie kwa shilingi kama raia. Bila hivyo utaanza kubishana dirishani, na mabishano ni kazi uliyoiacha Dar. Hoteli za Utende nyingi zimepangwa kwa ajili ya wageni wa nje na bei zake zinajieleza. Nyumba za kulala wageni Kilindoni ni nafuu mara nyingi, hazina bwawa, na barabara ya lami mpaka Utende ipo, bodaboda na bajaji zipo. Kama pesa ni ya kubana, mimi ningebana chumba na nisibane mashua. Mashua nzuri yenye nahodha anayejua kazi, na maboya ya kutosha kwa kila abiria, hiyo usiitafutie rahisi. Beba fedha taslimu ya kutosha na chandarua kama huna uhakika na cha huko. Beba viatu vya plastiki vya kutembelea mwambani, kwa ajili ya vile vidude vyeusi vyenye miiba mirefu vinavyojificha kwenye mawe. Mafuta ya kuzuia jua pia, na sisi weusi linatuunguza. Kinadada, khanga mbili tatu. Nguo ya kuogelea ni ya majini, ukipanda kijijini jifunge.

Na kuhusu likizo yenyewe, ukiandika fomu ya kuomba ruhusa usiweke kwamba unarudi kazini Jumatatu. Kivuko kinaweza kuchelewa, ndege inaweza kuahirishwa kwa mvua, na hata visipochelewa, mtu anayefika Mbagala Jumapili saa nne usiku na begi lenye mchanga hawezi kuwa kwenye kikao saa mbili asubuhi. Andika Jumatano. Wakikukatalia, andika Jumanne.